Chupa ya Rukia, kutoka Kimbiji hadi Mbezi Beach

Tangu nimerudi, kila anayepita barazani kwangu anauliza ilikuwaje. Nimesimulia vipande vipande mpaka nimechoka. Huyu nimempa kichwa, yule nimempa mkia, na nyie kule kisimani mmeunganisha mnyama ambaye hata mie mwenyewe simjui. Juzi nikaletewa habari kwamba nilimpelekea mganga wa Mbezi Beach mkojo wa mjukuu wangu ili auagulie. Basi nimekaa chini nikaandika. Msomeane, na atakayeongeza chumvi ni shauri yake.

Kwa asiyejua, Rukia ni mtoto wa binti yangu Zuwena. Ana miaka minne, nami humwita mke mwenzangu kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike, ingawa mume tuliyekuwa tukimgombea amekwisha tangulia mbele ya haki. Zuwena alikuwa akimwogesha akagusa kitu kigumu tumboni, upande wa kushoto. Hospitalini mjini wakampiga picha, na daktari akatueleza bila kuzunguka. Uvimbe umekaa juu ya figo, na kwa watoto uvimbe wa mahali pale mara nyingi huwa wa aina mbili zinazofanana pichani. Aina moja ni saratani ya figo lenyewe. Nyingine huanzia kwenye mishipa ya fahamu, na hiyo huacha alama yake kwenye mkojo. Dawa za hii si dawa za ile, na mtoto alikuwa anakonda mbele ya macho yetu. Vipimo vingine vilikwisha fanyika. Kilichobaki kabla ya kuanza dawa kilikuwa mkojo.

Wala si mkojo wa kikombe. Walitaka wote atakaokojoa tangu asubuhi moja mpaka asubuhi ya pili, usipotee hata kidogo, ukusanywe kwenye chupa kubwa ya kahawia yenye asidi kidogo chini ili usiharibike. Chupa ikae kwenye barafu, isipigwe jua, na asubuhi hiyo ya pili ifike kwenye maabara moja iliyoko Mbezi Beach. Mambo ya makaratasi nayaruka, hayana utamu.

Zuwena alikuwa ndani ya arobaini na kichanga chake. Mkwe wangu yuko Dodoma kwenye ujenzi. Nikabaki mie, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu.

Kimbiji, kabla ya kuondoka

Kwanza nimalizane na nyie. Mliposikia mtoto anaumwa mlikuja kumtazama, na mkono mtupu haulambwi, kila mtu akaja na chochote. Mlileta ndizi mbivu, machungwa, na mmoja wenu alileta keki yenye harufu ya vanila. Mungu awalipe. Lakini vitu hivyo ndivyo hasa alivyokatazwa Rukia siku zile, pamoja na chai na chokoleti, maana huingia kwenye mkojo na kuupotosha. Nikavifungia kabatini. Mtoto akawa anasimama mbele ya kabati ananusa.

Najua yaliyosemwa. Jirani yangu alipoona chane yake imeiva mpaka imeoza bila kuguswa, aliacha kuniamkia. Akasema Mwalimu ananiogopa mkono. Kwetu huku kukataa chakula cha mtu ni kumwambia mchawi, nami nililijua hilo, lakini ningeanzaje kueleza habari za saratani mlangoni, mtoto mwenyewe yuko pajani anasikiliza? Nikanyamaza, nikaacha mnune. Sasa mmejua, na jirani yangu aniamkie.

Gari nililolipata lilikuwa kirikuu cha Festo, yule kijana wa Newala aliyehamia huku, mwenye rozari inayoning'inia kwenye kioo. Yeye hutoka mara moja kwa wiki na mihogo na nazi. Hulala Temeke kwa kaka yake, kesho yake alfajiri hushusha mzigo soko la Tandale. Siku yake ikawa ndiyo siku yetu. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ile tuliumwaga kama tulivyoelekezwa, na kuanzia hapo hesabu ya Rukia ikaanza. Mpango ulikuwa akojoe njiani kwenye poti, alale Temeke kwa shoga yangu, amalizie pale, kisha tuvuke mji hadi Mbezi.

Kimbiji hadi Kibada

Chupa niliiweka kwenye deli, lile la plastiki la kuwekea barafu ambalo wauza samaki wetu wanalo, nikalibana katikati ya miguu yangu. Rukia alikaa kati yangu na Festo, poti lake jekundu kalipakata kama mwanasesere. Festo akavuta pumzi.

"Mwalimu, hao samaki wako wasije wakanivundia gari."

Nikamwambia si samaki. Akangoja niseme ni nini, sikusema. Akaangalia deli, akamwangalia mtoto, akaongeza sauti ya redio. Nilimwona amekwisha kata shauri kwamba ni dawa ya kienyeji, na kwa kuwa ni kijana mwenye adabu hakutaka kujua zaidi.

Barabara yetu mnaijua. Mvua ya wiki ile ilikuwa imelainisha yale mabonde, na hatukufika mbali kirikuu kikazama nyuma mpaka mihogo ikaanza kuteleza. Wanawake waliokuwa wanapalilia shamba la jirani wakaja na majembe yao kutuchimbua. Ni katikati ya kazi hiyo Rukia aliponivuta gauni na kusema mkojo umemshika.

Nikaweka poti nyuma ya gari. Mtoto akagoma. Haya niliyomfundisha mwenyewe tangu aache ziwa, kwamba mtu hajisaidii mbele za watu, ndiyo aliyonirudishia pale barabarani. Mama mmoja akafungua khanga yake akatuzungushia, naye akageuza uso pembeni. Rukia akakojoa. Nikamimina kwenye chupa taratibu, nikafunga, nikairudisha kwenye barafu, nikasukutua poti kwa maji. Yule mama alikuwa amegeuka mapema mno, akaona. Alisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, akafunga khanga yake, akarudi kusukuma gari bila kuniuliza neno. Nadhani ndipo hadithi ya mganga ilipoanzia.

Kibada tulisimamishwa na trafiki. Alizunguka gari, akagonga taa moja isiyowaka, akaja upande wangu.

"Shikamoo mama. Humo kwenye deli mmebeba nini?"

"Marahaba. Mkojo."

Akanitazama. "Mama, nimekuuliza kwa heshima."

"Nami nimekujibu kwa heshima, mwanangu."

Nikafungua nikamwonyesha chupa na karatasi ya hospitali iliyobandikwa juu yake. Nikamweleza kwa maneno machache. Akamtazama Rukia, aliyekuwa amevimba upande mmoja wa tumbo na mikono imebaki mifupa, akauliza kama ndiye. Nikasema ndiye. Akasema pole mama, akatupungia tupite, na ile taa hakuitaja tena. Festo akazima redio.

"Ndo maana hukusema," akaniambia. "Mie dada yangu alikuwaga na mtoto hivyohivyo, Newala. Tumbo. Hatukujua mpaka leo ilikuwa nini."

Nikamuuliza mtoto aliishia wapi, naye akasema walimzika. Tukavuka daraja.

Temeke, kwa Bi Thureya

Bi Thureya ni shoga yangu tangu tukiwa wasichana, tulisoma darasa moja. Ni wa ukoo wa Waarabu wa zamani pale Temeke. Duka la babu yake la vitambaa na viungo bado liko mbele ya nyumba, na yeye ndiye anayelishika. Wanaomjua wanajua habari ya usafi wa twahara katika nyumba ile. Ndala za chooni hazivuki kizingiti cha choo. Mtoto mdogo akilowesha mkeka, mkeka unaoshwa, unaanikwa, kisha unaoshwa tena kwa kuwa hakuuamini mwosho wa kwanza. Nilikuwa na wasiwasi mkubwa kuingia mle na chupa ya najisi.

Akanipokea kwa vifijo. Nilipomweleza akasema mgonjwa ana udhuru, akanionyesha pembe ya ua kwenye kivuli tuliweke deli letu. Nilimwambia hospitali wanataka mkojo wa mtoto wa siku nzima, mwingi, wote, na kwamba kesho asubuhi lazima tuupeleke. Hivyo ndivyo nilivyosema. Ya mishipa ya fahamu na figo sikumwingiza, maana mtoto alikuwa palepale na wageni walikuwa wanaingia na kutoka dukani.

Tulikula wali wa nazi na kuku wa kupaka. Rukia alikula matonge machache akaweka mkono tumboni. Akaniambia, "Bibi, kuna kitu kimelala hapa, kinanisukuma." Nikamlaza ubavu, nikamkanda mgongo mpaka akasinzia. Mjukuu wa Bi Thureya, kitoto cha kiume cha miaka miwili kinachoitwa Nassor, kikaja kikalala kando yake bila kualikwa, kimeshika sikio lake. Niliwatazama wale watoto wawili, mmoja mnene kama andazi na mwingine hivyo alivyo, nikalia. Sioni haya kuyaandika.

Alfajiri Rukia alikojoa wa mwisho, nami nikaumimina. Chupa ilikuwa haijafika hata nusu, maana mtoto mgonjwa hanywi. Nikaiacha kwenye deli nikaenda kuswali. Niliporudi Bi Thureya alikuwa ameshabadilisha barafu kwa mikono yake mwenyewe na kulifunga deli kwa kamba. Tulikumbatiana. Festo akapiga honi.

Tandale

Kushusha mzigo Tandale si kazi ya kuombea dua fupi. Mikokoteni ilikuwa imefungana njia nzima, wabeba mizigo wanapiga miluzi watu wapishe, na mbele yetu lori la vitunguu limekatika ekseli. Festo alikuwa ameahidi kwamba akishusha tu atatufikisha Mbezi mwenyewe. Tukangoja. Mama mmoja anayeuza uji kando ya njia akampa Rukia kikombe na kukataa malipo, akasema huyu ni mgeni wangu. Nikauliza kwanza umewekwa nini. Akanijibu ni ulezi na sukari, akanishangaa.

Hapo ndipo simu ilipolia. Bi Thureya alikuwa ananijulia hali, tumefika wapi, mtoto kalala vipi garini. Nikamjibu. Kisha akasema kwa sauti ya mtu mwenye jambo jema moyoni:

"Mwalimu, sikutaka kukwambia mbele ya mtoto asione haya. Nimewaongezea kidogo."

"Umetuongezea nini?"

"Kwenye chupa. Niliitazama nikaona inapwaya, nikasema hawa watafika kwa wakubwa huko na chupa nusu, waambiwe mtoto hajatimiza. Nassor alikuwa amekojoa kwenye poti lenu, nikaumimina. Mkojo wa mtoto na mtoto, shoga. Chombo cha mgeni hakitoki kwangu kikipwaya."

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, nyie mnajua, hata kama ni chumvi na ndimu mtu hutia ndipo airudishe. Yeye aliyafanya yaleyale aliyoyafanya maisha yake yote. Na mwanamke yule asiyegusa ndala za chooni kwa mkono alikuwa ameshika poti la mkojo kwa ajili yangu. Nikamwambia nitampigia baadaye, nikakata.

Festo alikuwa amesimama dirishani amesikia nusu yake, nusu nyingine nikamwambia. Akavua kofia akakuna kichwa.

"Sasa Mwalimu, nani atajua? Mkojo ni mkojo. Ukisema, si mnarudia yote? Na mtoto mwenyewe ndo huyu."

Rukia alikuwa ameniegemea kwapani, amechoka, midomo imekauka. Kurudia maana yake siku nyingine ya poti, siku nyingine bila kuanza dawa, na lile jambo tumboni halingoji. Nikamwambia Festo aendeshe tu. Sikusema nitafanya nini kwa kuwa sikujua.

Mbezi Beach

Kule ni kwingine. Kuta nyeupe, mawaridi yametambaa juu ya mageti, upepo wa bahari, na kimya ambacho baada ya Tandale kilinifanya masikio yavume. Maabara ilikuwa nyumba ndogo yenye milango ya vioo. Festo alibaki nje, na kabla sijaingia aliniambia atangoja.

Aliyetupokea alikuwa dada wa umri wa Zuwena, koti jeupe, hijabu ya bluu. Aliniamkia, akamchekea Rukia, akatoa chupa kwenye deli akaiinua kwenye mwanga. Akasema hongera bibi, imekuja na ubaridi wake, wengine huwa wanaleta imepata moto. Akachukua kalamu. Akauliza kama mkojo wote ni wa Rukia na hakuna uliopotea.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, ndiyo, na tungetoka pale na kwenda zetu. Nilimtazama Rukia. Alikuwa amesimama wima kama mwanafunzi siku ya ukaguzi, anasubiri asifiwe kwa mkojo wake.

"Haukupotea," nikasema. "Umezidi." Nikamweleza habari ya Nassor, na ya shoga yangu, na ya kwamba alifanya kwa wema.

Dada yule hakucheka wala hakunigombeza. Aliweka kalamu chini.

"Ungenyamaza, bibi, tungepima, na jibu lingetoka."

"Jibu gani?"

"La watoto wawili. Daktari angelisoma kama la mmoja."

Kisha akaichukua ile chupa akaenda nayo kwenye sinki la ndani, mlango ukiwa wazi, akaimwaga. Rukia akaona. Alikuwa hajalia safari nzima, si kwenye matope, si usiku tumbo lilipomsukuma. Pale akalia.

"Bibi, mbona anamwaga mikojo yangu? Nilikojoa yote."

Nilipiga yale magoti mabovu sakafuni nikamshika. Nikamwambia amefanya vizuri kuliko watu wazima wote, na kwamba waliokosea ni sisi. Hakunielewa, na sikumlaumu. Tukapewa chupa mpya.

Festo aliiona chupa mpya mkononi mwangu. Alifungua mlango, akambeba Rukia, akamweka mahali pake.

Kurudi Temeke

Njiani nilitunga maneno. Mnaujua ulimi wangu, hamhitaji niwaeleze. Nilipanga kumwambia Bi Thureya kwamba wema usiouliza ni ubaya, na mengine makali zaidi. Tulipoingia alikuwa dukani anapima kitambaa. Akaniona na chupa tupu, akaweka mkasi chini, akajua kabla sijafungua kinywa.

Nikamkalisha chumbani, mlango nikafunga, na safari hii nikamweleza yote ambayo sikumweleza jana yake. Nikamweleza uvimbe na aina zake mbili. Nikamweleza kwamba saratani ile ya mishipa ya fahamu inatoa kitu chake kwenye mkojo, na kwamba kitu hicho ndicho kinachotafutwa, kwa hiyo mkojo wa Nassor ulikuwa unakizimua kama maji kwenye tui. Alikuwa hajawahi kusikia neno saratani likitajwa juu ya Rukia. Akajifunika uso kwa mtandio.

"Nimeushika kwa mikono hii," akasema, "nikidhani natenda thawabu."

Yale maneno niliyotunga yakaisha yenyewe. Nikamshika mkono, tukakaa hivyo.

Kesho yake ndiyo siku tuliyorudia. Bi Thureya alifunga duka, jambo ambalo majirani walilitafsiri kuwa ni msiba, wakawa wanakuja kutoa pole na kurudishwa mlangoni. Nassor na wajukuu wengine walipelekwa kwa jirani. Yeye mwenyewe aliweka kigoda mbele ya mlango wa choo akakaa na tasbihi yake, na mtu yeyote wa nyumba ile aliyetaka kuingia alihojiwa kwanza kama hajamwona Rukia akienda na haja. Kila Rukia alipokojoa, Bi Thureya alisimama kushuhudia nikimimina, kisha akasema "Bismillah" kwa sauti kubwa kiasi kwamba Rukia mwishowe akaanza kucheka. Mara moja mtoto alitaka kuingia chooni peke yake, kwa ile haya yake, na ni Bi Thureya aliyemgeuza kwa upole na kumkalisha kwenye poti, mikono yake imemshika kiunoni.

Asubuhi ya pili Festo alikuwa amekwisha rudi Kimbiji na gari lake. Tulikwenda Mbezi kwa bajaji, deli mapajani, na Bi Thureya alikuja nasi ingawa hakuna aliyemwomba. Yule dada wa hijabu ya bluu akauliza swali lake lilelile. Nikasema wote ni wa Rukia. Bi Thureya akasema, "Nami ni shahidi."

Jibu

Jibu lilichukua siku zake, na siku zenyewe tulizikaa Temeke kwa sababu Kimbiji ni mbali na hospitali. Nitazipita. Hakuna cha kusimulia isipokuwa mtoto anapungua na simu hailii.

Tulipoitwa, daktari alikuwa na karatasi mbele yake. Akaniambia, "Bibi, mkojo umeonyesha alama, tena nyingi. Uvimbe huu si wa figo. Ni ule wa mishipa ya fahamu." Nikasema alhamdulillahi. Mama mmoja aliyekuwa pale na mwanawe alinigeukia kama mtu aliyesikia kufuru, na kweli, ni nani anayemshukuru Mungu kwa saratani? Mie nilimshukuru kwa kuwa ilikuwa na jina, na kwa jina hilo walikuwa na dawa za kuanza nazo.

Nikamuuliza jambo moja kabla sijatoka. Ingekuwaje kama ile chupa ya kwanza ingepimwa? Alifikiri. Akasema huenda alama zingeonekana bado. Huenda pia zingekuwa chache kiasi cha kuwapotosha, wakaanza na dawa za figo, na kwa mtoto aliye katika hali ile kuanza vibaya ni kupoteza muda asiokuwa nao. Akasema hawezi kujua. Nami siwezi.

Rukia yuko wodini sasa, na mama yake yuko naye. Ameshapata dawa mara ya kwanza na ya pili. Anatapika, nywele zimenyonyoka, na hapendi kioo. Daktari anasema uvimbe umeanza kusinyaa, na nikimtazama aseme zaidi, hasemi. Kwa hiyo mkiniuliza atapona, jibu langu ni hilohilo la daktari. Muombeeni.

Siku niliyokuwa naondoka kurudi huku, Bi Thureya alinisindikiza mpaka kituoni. Alikuwa amekonda yeye pia. Akanishika mkono akaniuliza kitu ambacho naona alikuwa amekibeba siku zote zile.

"Mwalimu, niambie kweli. Ile chupa yangu, ingemdhuru mtoto?"

Nilikuwa nimekwisha muuliza daktari, na maneno yake yote yako kichwani mwangu. Nikamwambia, "Hapana, dada. Wangegundua tu, isingedhuru kitu." Akashusha pumzi, akanibusu mkono.

Ukweli niliutoa Mbezi, ulikokuwa unahitajika. Pale kituoni haukuwa na mgonjwa wa kumtibu. Nyie mnaokwenda Temeke kununua vitambaa kwake, nawaomba, haya yaishie hapa Kimbiji.